Saini ya Mjomba

Mliniacha dirishani posta ya Newala. Nilikuwa nimemwita karani Nikolao mwizi wa barua, mbele ya foleni nzima, na sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya hasira.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki iliyopita: naitwa Priska. Nina miaka ishirini na sita na stashahada ya juu ya utawala. Mwaka niliomaliza chuo ndio mwaka serikali iliposimamisha ajira. Nikaomba vyuo vitatu vya ng'ambo, nisomee uzamili wa sera za umma. Viwili vilinikataa, kila kimoja kwa bahasha nyembamba. Cha tatu, cha Uholanzi, kilinyamaza.

Cecil, aliyekuwa mchumba wangu, hakunyamaza. Alisema mwanamke wa stashahada anatosha, wa kuzidi hapo atamsomesha nani. Akaenda kuchumbia kwingine. Nikamwambia ampelekee huyo mwingine salamu.

Basi nilikuwa nangoja vitu viwili, nafasi na ufadhili. Mtoto wa mkulima wa korosho akipata nafasi bila ufadhili, amealikwa harusini bila kuonyeshwa njia.

Anwani niliyoiandika kwenye fomu ilikuwa sanduku la posta la Mjomba Alfredi wa Newala, kwa sababu wakati ule nilikuwa nakaa kwake. Januari nikahamia kwa mama yangu Lisekese, upande wa Masasi, nikapata kibarua cha kupiga taipu. Tangu hapo kila Ijumaa nimekuwa nikipanda Newala, kwa kuwa Ijumaa alasiri ndipo gunia la barua linapofika kutoka Mtwara.

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nne Juni, nilifika mapema. Nikolao alikuwa ananingoja.

"Hakuna foleni," alisema. Salamu yangu hakuipokea. "Nilitaka iwepo."

"Foleni ya nini?"

"Ulinichafua mbele ya watu. Nilitaka unisafishe mbele ya watu. Lakini haya, soma."

Akasukuma daftari chini ya nondo za dirisha. Lilikuwa daftari la barua za rejista, zile ambazo hazitolewi mpaka mtu asaini.

"Mwezi wa tano nilikuwa likizo," alisema. "Alikaa mwenzangu hapa. Wiki nzima nimefukua madaftari yake kwa ajili ya ulimi wako."

Kidole chake kilikuwa kwenye tarehe sita Mei. Barua moja ya rejista. Kutoka Uholanzi. Jina la mwandikiwa, langu. Aliyepokea, saini.

Ilikuwa na mkia mrefu unaokwenda kulia kisha unarudi chini ya jina, kama mjusi anayejitazama mgongo.

Naijua saini hiyo tangu darasa la kwanza. Kwetu baba anazaa, mjomba anasaini. Iko kwenye fomu zangu zote za shule.

"Wiki saba," nilisema.

"Wiki saba," alisema Nikolao. "Na mwizi ni mimi."

"Nisamehe, Nikolao."

"Hiyo sauti haijafika kwenye foleni."

"Foleni yenyewe haipo."

"Basi utairudia ikiwepo."

Nikatoka. Nilikuwa nahesabu Ijumaa. Saba. Ijumaa saba nimekaa kwenye mkeka wa Mjomba Alfredi, nimekula ugali wake na kisamvu chake, nimemsimulia jinsi barua inavyochelewa, naye anatikisa kichwa na kuniongezea mchuzi. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hakuwahi hata mara moja kuniuliza, "Vipi, barua bado?"

Nilimkuta mkewe, Mama Gift, anapepeta mtama uani. Aliniona ninavyotembea, akaweka ungo chini.

"Umejua," alisema.

"Na wewe ulijua?"

"Kaa. Mwenyewe yuko shambani anapulizia mikorosho. Akirudi mtaongea. Mimi nikiongea kabla yake nitaambiwa nina mdomo."

"Mama Gift, mimi sikai."

"Basi simama, lakini kunywa maji. Tumeyateka bondeni, usiyaache."

Nikanywa nimesimama. Nilisimama mpaka saa nane na nusu, mashine ya kupulizia dawa ya salfa iliponyamaza na mjomba akatokea, wa njano kuanzia nywele mpaka kandambili. Kitambaa kilifunika pua na mdomo. Yaliyobaki na rangi ya mtu ni macho.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekula?"

"Barua yangu iko wapi?"

Akakivuta kitambaa polepole. Uso ukawa nusu wa njano, nusu wake.

"Ipo," alisema.

"Ipo wapi?"

"Imelala nyuma ya jiko. Chini ya chungu."

Mama Gift alisema kutoka jikoni, "Mwambie yote, Baba Gift. Ukimaliza, na mimi nina langu."

Naungama hapa kwamba nilikuwa nimejiandaa kusikia mengine. Kwamba amemuuzia mtu nafasi yangu. Kwamba Cecil amempa kitu. Ningeweza kupigana na hayo. Alichoniambia sikuwa nimekinolea kisu.

Mnajua desturi ya unga. Wanaosoma gazeti hili Dodoma na Mwanza huenda hawaijui, nitaieleza. Mtu wa ukoo akiwa na safari kubwa, mjomba wake humimina unga wa mtama taratibu kutoka mkononi, akiwataja wazee waliotangulia, mpaka unga usimame kama kichuguu chenye ncha. Huufunika kwa chungu. Asubuhi hufunua. Ukiwa umesimama, safari ina ruhusa. Ukiwa umebomoka, msafiri asitoke. Na kwa ukoo wetu msafiri mwenyewe haambiwi mpaka unga usimame.

"Wewe ni mzee wa kanisa," nilimwambia.

"Ndiyo maana nauweka nyuma ya jiko. Padri anaishia sebuleni."

"Na barua inahusikaje na unga?"

"Safari yako iko ndani ya karatasi ile. Wazee ningewaonyesha nini, kiatu?"

Kwingine ningecheka.

"Mara tatu nimeuweka," alisema. "Mara tatu umebomoka. Nilikuwa nairudisha barua kwenye sanduku la nguo, nangoja wiki mbili, naweka tena. Wa nne nimeuweka juzi. Jana tulikuwa msibani, na siku ya msiba unga hautazamwi. Leo ningeutazama jioni, nikishaoga."

"Ukibomoka wa nne?"

"Nitaweka wa tano."

"Mpaka lini, Mjomba?"

"Wazee hawana kalenda."

"Chuo kinayo."

Akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Salfa ikapukutika miguuni pake.

"Dickson sikumwekea," alisema.

Dickson ni kaka yangu. Alikuwa. Aliondoka mwaka wa tisini na moja, biashara zilipofunguliwa na kila kijana akawa na robota la mitumba kichwani mwake kabla hajalinunua. Lori lilipinduka kabla halijafika Rufiji. Huko nyuma nimewasimulia.

"Mwaka ule ndio niliochaguliwa mzee wa kanisa," alisema Mjomba. "Niliona haya kuweka unga. Nikamwombea tu, nikamwacha aende. Mama yako hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningepumzika."

Nilitaka kukaa naye kidogo, kwa heshima ya Dickson. Lakini jua lilikuwa limekwisha vuka utosi, na posta hufunga saa kumi na nusu.

"Mjomba, nakwenda kufunua."

Akasimama njiani, mikono wazi, kama anazuia mbuzi.

"Niahidi. Kama umebomoka, huendi."

"Siahidi."

"Priska."

"Ukisimama nitakwenda, ukibomoka nitakwenda. Mimi nimeomba vyuo vitatu, sikuomba vya marehemu."

Neno hilo lilinitoka likiwa limekwisha nolewa, na nikaona linavyoingia.

"Dickson naye alisema atakwenda tu," alisema. Akanipisha.

Chungu kilikuwa chini ya ukingo wa paa, kwenye udongo mtupu. Kikubwa, cheusi, cha kupikia pombe zamani, kabla mjomba hajaokoka nusu. Mama Gift alitoka jikoni akasimama nyuma yangu. Mjomba akabaki hatua tatu, amegeukia mikorosho.

Nikafunua.

Unga ulikuwa umesimama.

Umesimama kwa ncha. Ungeweza kuutundikia kofia.

"Mjomba, tazama."

Akageuka. Akapiga magoti pale pale, njano yote ile, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Usilie, Baba Gift," alisema mkewe. "Lazima usimame. Nimeuloweka."

Mikono ya mjomba ikashuka.

"Umefanya nini?"

"Nimeloweka mtama, nikautwanga ungali mbichi, nikautia kwenye pakiti yako. Ndivyo mama zetu walivyofanya. Wewe mara tatu umewamiminia wazee unga wa pakiti kutoka dukani, mkavu kama vumbi la barabarani. Unasimama wapi ule?"

"Ule ndio mzuri," alisema Mjomba. "Mweupe. Laini. Nilitaka kuwapa wazee kitu cha heshima."

"Wazee walikufa kabla ya pakiti."

"Umewadanganya, Mama Gift."

"Umeanza wewe. Mimi nimerekebisha."

Ndugu msomaji, nimesoma nadharia za utawala miaka mitatu. Sijawahi kuona sera ikikwama wiki saba kwa ajili ya unga wa dukani. Katika ombi langu kwa kile chuo nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya soko huria na korosho, juu ya jinsi mambo mapya yanavyomfika mkulima bila mtu wa kumweleza kinachobadilika chini yake. Kumbe mfano bora ulikuwa nyuma ya jiko la mjomba wangu, na sikuuandika.

Nikacheka. Mama Gift akacheka. Hata Mjomba mdomo ukamcheza.

Kisha nikainua bahasha iliyolala kando ya unga.

Ilikuwa nyepesi mno.

Juu ilikuwa safi, na stempu zake, na jina langu limepigwa taipu vizuri. Niliigeuza. Chini kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umejengwa vinjia vinjia. Mchwa mmoja akatembea juu ya kidole changu gumba.

"Eh," alisema Mama Gift. Akaacha kucheka.

Unga mkavu haukuwaita. Wiki saba barua ilikuwa salama. Unga mbichi umewaita kwa siku mbili.

"Umesimama," alisema Mjomba kwa sauti ndogo. "Unga umesimama."

"Unga umesimama, Mjomba. Barua ndiyo iliyobomoka."

Nikaipasua. Karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa imeliwa pembeni tu. Nikaisoma kwa sauti, naigeuza Kiswahili hapo hapo, kwa sababu walistahili kusikia.

"Tunafurahi kukujulisha kwamba umepata nafasi ya masomo ya uzamili katika sera za umma, kuanzia Septemba."

Mama Gift akapiga kigelegele kimoja, akakikata katikati aliponiona usoni.

"Jibu lako litufikie si zaidi ya Jumatatu, tarehe ishirini na saba Juni. Likikosekana, nafasi yako atapewa mwingine." Nikahamia aya ya pili. "Kuhusu ombi lako la ufadhili, kamati ilikutana tarehe kumi na nne Aprili, na ime..."

"Imefanya nini?" alisema Mjomba.

"Ukurasa umekwisha."

Ukurasa wa pili ulikuwa wavu wa kuvulia dagaa. Niliunyanyua juani nikaona mikorosho kupitia kwake. Yalibaki maneno machache, yametawanyika. Mahali pamoja, *tiketi ya ndege*. Chini yake, *miezi kumi na tano*. Na karibu na mwisho, peke yake kama kisiki shambani, *kwa bahati mbaya*.

"Bahati mbaya ipi?" aliuliza Mama Gift.

"Hayo mchwa wanajua."

Mjomba alisema kwamba labda ni kutotoa tiketi. Mama Gift alisema labda tiketi wanatoa, ila bahati mbaya hawatoi ya mume. Niliangalia saa ya Mjomba. Saa tisa na dakika kumi. Jumatatu ilikuwa siku tatu mbele, barua huchukua wiki tatu, na kesho na keshokutwa dirisha halifunguliwi. Ilibaki simu ya maandishi, leo, kwa mkono wa mtu mmoja tu.

Yule niliyemwita mwizi.

Nilikwenda mbio. Viatu nilivishika mkononi. Nyuma yangu nilisikia kandambili za Mjomba, ambaye hakuwa ameoga wala kubadilisha nguo, na watu wa njiani wakisimama kumtazama mzee wa kanisa wa rangi ya embe anayemkimbiza mpwa wake.

Gunia la Mtwara lilikuwa limefika. Foleni ilitoka nje ya mlango. Walimu, mapadri, mama mmoja na kuku, na wale wale wa wiki iliyopita.

Saa kumi kasorobo.

Nikaenda moja kwa moja mbele. Mtu akasema, "Dada, mwisho uko kule."

Nikageuka, nikawatazama wote.

"Wiki iliyopita nilimwita huyu Nikolao mwizi," nilisema. "Mlikuwepo. Nilisema uongo. Barua yangu ilifika, ilisainiwa, ilikuwa nyumbani kwetu wiki saba. Huyu ni mtu mwaminifu na mimi nilikuwa na mdomo mchafu. Namwomba radhi mbele yenu. Sasa naomba mnipishe, nina mpaka saa kumi na nusu kujibu kitu nilichokingoja miezi tisa."

Kisha yule mama wa kuku akasema, "Mpisheni. Anayejitukana mwenyewe ana haraka kweli."

Nikolao hakutabasamu, lakini alivuta fomu ya simu ya maandishi akanipa kalamu yake mwenyewe, ile isiyofungwa kamba.

Nikaandika. Alisoma, midomo ikicheza.

"Nakubali nafasi na ufadhili wote. Nitafika Septemba. Priska." Akaniangalia. "Ufadhili wamekupa?"

Nikambandikia dirishani ukurasa wa pili. Tukatazamana kupitia matundu.

"Na kama hawakukupa?"

"Basi waniambie wao. Sipokei hapana kutoka kwa mchwa."

Mjomba alikuwa amefika, anahema, ameshika nguzo ya mlango. Foleni ilimpisha pia, kwa sababu ya salfa.

Nikolao akanyanyua mkono wa simu, akaanza kuita Mtwara ili awasomee maneno yangu. Mlio ulikuwa unakwenda na kurudi, dakika kumi, dakika ishirini, bila Mtwara kuitika. Huku anangoja, mkono wake mwingine, kwa mazoea ya kazi, ukawa unachambua barua zilizotoka guniani. Ukasimama.

Akaitoa moja, akaiweka mbele yangu.

Stempu zile zile. Jina langu, taipu ile ile. Si ya rejista. Ya kawaida. Muhuri wa mwanzo wa Juni.

Nyembamba.

Mnajua tayari bahasha nyembamba zimenifanya nini.

"Wiki saba ni wiki saba," alisema Nikolao taratibu. "Labda wamechoka kungoja."

"Labda ni kumkumbusha tu," alisema yule mama wa kuku, ambaye sasa jambo lilikuwa lake.

Nikaitwaa. Karatasi moja ndani, imekunjwa mara moja. Nilimwangalia Mjomba. Nilidhani atasema tuipeleke nyumbani kwanza. Macho yake yaliteleza mpaka kwenye bahasha, yakarudi kwangu.

"Ya kwanza niliichelewesha mimi," alisema. "Hii ni yako, mpwa wangu."

Simu ikapasuka kwa sauti ya mtu. "Mtwara hapa, sema."

Nikolao akafunika mkono wa simu kwa kiganja. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika ishirini na mbili.

"Mtwara wako hewani," alisema. "Nipeleke, au usome kwanza? Nikishapeleka hairudi."

Foleni yote ikanisogelea. Hata kuku alisogezwa mbele.

"Peleka kwanza, Nikolao," nilisema. "Mimi nimengoja jibu lao miezi tisa. Leo wao watangulie kupata langu."

Akaondoa kiganja. Akasoma neno kwa neno, polepole, mpaka jina langu. Mtwara wakasema wamepokea.

Ndipo nikaingiza kucha chini ya gundi.